Kijarida cha Mei Mosi: kurasa zilizopinduka na wanarkisti wa Chicago

*Shikamoo mtaalamu. Tuko vijana watano, Dar es Salaam. Tunataka kutoa kijarida cha kurasa 16, saizi ya A5, tukigawe mtaani siku ya Mei Mosi. Habari kuu ni Lucy Parsons na wale wanarkisti walionyongwa Chicago, maana tumesikia ndio chanzo cha sikukuu yenyewe. Tulijaribu nakala 10 steshenari. Ukurasa wa 3 ukaangukia ubavuni mwa wa 14, kurasa nusu zikatoka kichwa chini miguu juu, mistari ya pembeni ikakatwa, picha nyeusi tii, na stepla haikufika katikati. Mwenzetu mmoja sasa anasema tuache kabisa: anarkia ni fujo na hao watu walirusha bomu. Mwingine anasema walikuwa watakatifu. Mtandaoni kila mtu anasema lake, hata mahali alipozaliwa Lucy. Pesa yetu inatosha nakala 200. Tufanyeje, na je, tunahitaji kibali?*

Marahaba. Nianze na habari njema: ukurasa wa 3 kukaa ubavuni mwa wa 14 si kosa. Ndivyo inavyotakiwa. Kilichowaharibia nakala 10 ni kugeuza karatasi kwa upande usio wake, na hilo ni la kubofya mara moja. Mzozo wenu juu ya bomu na utakatifu ni mgumu zaidi, nitaufikia.

Kwanza mpangilio, ili asije mtu wa steshenari akawachanganya tena. Chukueni karatasi nne tupu za A4, mzilaze moja juu ya nyingine, mzikunje zote pamoja katikati, kisha mziandike kwa penseli 1 hadi 16 mkifungua kama kitabu. Zifumueni. Karatasi ya nje kabisa ina 16 kushoto na 1 kulia, na mgongoni mwake 2 na 15. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, nyuma yake 8 na 9. Kila jozi mkiijumlisha mnapata 17, na namba shufwa hukaa kushoto daima. Ikitokea jozi isiyotoa 17, kuna ukurasa umepotea njia. Ndiyo sababu pia idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: mkibakiwa na habari ya kurasa 17 hamwezi kuongeza ukurasa mmoja, mtaongeza vinne au mtapunguza maneno. Punguzeni maneno.

Hiyo mfano ya penseli msiitupe. Nendeni nayo steshenari.

Sasa kichwa chini miguu juu. Karatasi yenu imelala, yaani upande mrefu uko juu na chini. Mashine ikiigeuza kwa upande mrefu, kama inavyofanya kwa barua ya kawaida iliyosimama, sehemu ya nyuma hutoka imepinduka. Kwenye dirisha la kuchapa kuna chaguo la kugeuza kwa upande mfupi, chagueni hilo. Kama mashine haina uwezo wa pande mbili na kijana wa steshenari anairudisha karatasi kwa mkono, chapeni karatasi moja tu kwanza, mkiwa mmeichora mshale wa penseli kwenye kona kabla haijaingia. Ikitoka, mshale utawaonyesha mashine hiyo inataka karatasi iingie ikiangalia wapi. Mashine hazifanani, na kubahatisha kwa rimu nzima ni kuchoma pesa.

Kuna mtego mmoja wanaoingia karibu wote wanaoanza. Programu za kusomea PDF huwa na chaguo la kuchapa kama kijitabu, ambalo huzipanga jozi zenyewe. Kama faili lenu lina kurasa 16 za A5 zinazofuatana 1, 2, 3, tumieni chaguo hilo. Kama mmeshazipanga jozi kwa mkono, msiliguse, kwa sababu litapanga kilichokwisha kupangwa na mtapata vurumai isiyofumuka. Chagueni njia moja.

Mistari iliyokatwa ina sababu mbili, na kwa kawaida zote mbili huwapo. Programu nyingi za kuandikia huja zimewekewa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297. Faili lililoandaliwa kwa Letter halilingani na karatasi mliyonayo, basi ukingoni panaliwa. Badilisheni saizi mwanzoni kabisa, kabla hamjapanga chochote, maana ukibadilisha mwishoni mistari yote inahama. Sababu ya pili ni kwamba mashine ya ofisini haiwezi kupaka wino mpaka ukingoni. Huacha milimita 4 au 5 tupu kila upande. Wekeni milimita 15 upande wa mkunjo, 12 upande wa nje, 15 chini. Herufi za pointi 10, nafasi ya mstari pointi 13. Kwa vipimo hivyo ukurasa mmoja unabeba maneno 350 hivi ya Kiswahili, kwa hiyo kurasa 14 za ndani ni maneno 4,900 bila picha. Na picha mtataka.

Hapo hapo, zimeni ukataji maneno wa programu isipokuwa kama ina Kiswahili. Ikidhani ni Kiingereza itawakatia "mwan-afunzi" na "kuf-anya kazi". Silabi yetu huishia kwenye irabu: mwa-na-fu-nzi. Na msinyooshe ukingo wa kulia. Maneno yetu ni marefu, safu yenu ni nyembamba, na mkilazimisha mistari iwe sawa mtapata mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Picha nyeusi tii zinatokana na jinsi fotokopi inavyoona. Haijui kijivu, inajua kuna tona (unga wa wino) au hakuna, na kijivu cha picha ya zamani huamua kukiita nyeusi. Ondoeni rangi, pandisheni mwanga wa sehemu za kati mpaka kwenye kioo picha ionekane imepauka kuliko mnavyopenda, halafu igeuzeni kuwa vitone vikubwa vinavyoonekana kwa jicho. Picha ya upana wa sentimita 12 inahitaji nukta kama 1,400 kwa upana. Ile mliyoinyakua mtandaoni ina nukta 300, na hakuna ujanja utakaoiongezea. Mchoro wa mistari mitupu hutoka vizuri zaidi kuliko picha ya kamera, na bahati yenu ni kwamba magazeti ya miaka ya 1880 yalitumia michoro ya kuchongwa.

Lakini angalieni mnachagua mchoro gani. Unaozunguka kuliko yote ni ule wa mkutano wa Haymarket, uwanja wa soko mjini Chicago, katika jarida la Harper's Weekly la tarehe 15 Mei 1886: mhutubiaji mwenye ndevu amenyanyua mkono jukwaani, bomu linalipuka katikati ya polisi, watu wanafyatuliana bastola, vyote kwa dakika moja. Haikuwa hivyo. Samuel Fielden, mmoja wa wanarkisti hao, alikuwa anamalizia hotuba, polisi wakafika kuamuru watu watawanyike, naye alikuwa anateremka kwenye mkokoteni uliotumika kama jukwaa bomu lilipotupwa. Mchoraji amembakiza juu akihutubia ili msomaji aone maneno yakizaa mlipuko. Uchapeni kama mnautaka, ila chini yake mwandike kosa lake. Maelezo hayo yatamfundisha msomaji wenu mengi kuliko ukurasa mzima wa kulalamikia magazeti ya matajiri.

Hapo tumeshaingia kwenye ugomvi wenu. Nawajibu wote wawili.

Kwa yule anayesema anarkia ni fujo: neno lina asili ya Kigiriki, maana yake bila mtawala. Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijiita mwanarkisti mwaka 1840 akimaanisha kwamba watu wanaweza kujipanga kwa makubaliano bila dola juu yao. Mnaweza kuikataa hoja hiyo, wengi wameikataa. Ila si sawa na kusema "tuvunje vioo". Na kuhusu bomu: aliyelitupa Haymarket usiku wa tarehe 4 Mei 1886 hajajulikana mpaka leo. Wanaume wanane walishtakiwa: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg, Michael Schwab, Fielden na Oscar Neebe. Lilipolipuka, Spies na Fielden pekee ndio walikuwa pale. Parsons na Fischer walikuwa wameshaondoka kwenda ukumbi wa karibu, na Engel alikuwa nyumbani kwake akicheza karata. Hawakuhukumiwa kwa kurusha. Walihukumiwa kwa mauaji, kwa hoja kwamba walikula njama, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa magazeti na vipeperushi vyao wenyewe. Parsons, Spies, Fischer na Engel walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Lingg alijiua gerezani siku moja kabla. Watatu waliobaki waliachiwa tarehe 26 Juni 1893 na gavana John Peter Altgeld, aliyesema wazi kwamba kesi haikuwa ya haki.

Kwa yule anayesema walikuwa watakatifu: walichapa mambo ambayo hamtapenda kuyasoma. Gazeti la The Alarm, alilolihariri Albert Parsons kuanzia Oktoba 1884, lilisifia baruti waziwazi. Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya mkewe, Lucy, kwa watu wasio na kazi wala makazi, ikiwahimiza wajifunze kutumia vilipuzi. Baadaye ikagawiwa kama kipeperushi. Upande wa pili, polisi saba walikufa kutokana na usiku ule, baadhi kwa risasi za wenzao, na raia wasiopungua wanne. Mkiyaficha haya, msomaji wa kwanza mwenye simu atawaumbua kabla hajafika ukurasa wa 6. Njia ninayoiona bora ni kueleza kwa maneno yenu makala ilisema nini, tarehe gani, na siku zile polisi walikuwa wakifanya nini kwa wagomaji, kisha msomaji apime. Msiichape nzima na kuipamba. Makala ya 1884 ikichapwa leo bila tarehe wala maelezo husomeka kama wito wa leo, na hilo ndilo lililowanyonga wenyewe.

Pia sahihisheni habari ya chanzo, maana hapo wengi wanateleza. Mei Mosi haikuanza na bomu, na haikutoka Urusi kama wengi mtaani wanavyodhani. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani viliazimia mwaka 1884 kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku ya kazi iwe ya saa nane. Cha kuchekesha ni kwamba The Alarm mwanzoni lililibeza dai hilo, likaliona dogo mno, kana kwamba ni kumwomba bwana apunguze kamba. Walijiunga baadaye, walipoona wafanyakazi wameshatangulia. Mwaka 1889 wajumbe wa vyama vya kijamaa waliokutana Paris wakapanga maandamano ya kimataifa ya tarehe 1 Mei 1890, na huko ndiko sikukuu yetu inakotoka. Marekani yenyewe sikukuu ya wafanyakazi ni Septemba.

Kama mna nafasi ya kisa kimoja tu, chagueni cha kipeperushi. Tarehe 3 Mei polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake Fischer alipeleka kwa mchapaji tangazo la mkutano wa Haymarket, na mwishoni lilikuwa na mstari uliowataka wafanyakazi waje na silaha. Spies alipouona alikataa: mstari ukibaki, yeye hahutubii. Ukatolewa. Vipeperushi kama 20,000 vilichapwa, kwa Kiingereza na Kijerumani. Lakini mia kadhaa vilikuwa vimeshatoka mashineni vikiwa na mstari ule, na ndivyo mwendesha mashtaka alivyovibeba mahakamani. Jioni ya tarehe 3 kilikuwa kimeshatoka kipeperushi kingine, alichokiandika Spies mwenyewe, chenye neno "Kisasi" kichwani. Aliiambia mahakama kwamba neno hilo liliongezwa na mpangaji herufi. Idadi ya waliouawa aliyoiandika humo, sita, aliitoa kwenye gazeti la jioni, na ilizidi ukweli. Kwa hiyo nikiwaambia chapeni nakala moja ya majaribio, msomeni wote watano, kila mmoja atie sahihi kwa penseli ndipo mashine iendelee, msione ni ukiritimba wa ofisini.

Sasa Lucy. Mmekuta mahali pa kuzaliwa panapingana kwa sababu yeye mwenyewe alipabadilisha. Maisha yake yote alisema ana asili ya Mexico na ya wenyeji wa Marekani, akakana kuwa Mweusi. Utafiti wa nyaraka unaonyesha alizaliwa karibu na 1851, Virginia, kwa mama mtumwa, akapelekwa Texas akiwa mtoto. Andikeni yote mawili kwa mpangilio huo: alichosema, kisha nyaraka zinavyoonyesha. Na mjiulize kwa sauti, ndani ya kijarida, mwanamke aliyeolewa na Mzungu Texas baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe alikuwa na sababu gani za kuficha. Baada ya mumewe kunyongwa aliishi miaka 54 zaidi, na hiyo ndiyo sehemu wanayoiruka karibu wote. Alichapa na kuuza vijitabu vya hotuba za wale wanane kwa mkono, barabarani, akikamatwa mara kwa mara. Mwaka 1905 alihutubia mkutano wa kuanzisha chama cha Industrial Workers of the World, Chicago. Alikufa tarehe 7 Machi 1942 nyumba yake ilipoungua, na maktaba yake ikachukuliwa na vyombo vya dola.

Kuna la mwanawe pia. Mwaka 1899 Albert mdogo alitaka kujiunga na jeshi. Mama yake akampeleka mahakamani, akatangazwa mgonjwa wa akili, akafungiwa hospitali ya Elgin, na humo akafa mwaka 1919. Najua mwenzenu wa watakatifu atataka kuliacha. Mimi ningeliandikia nusu ukurasa, bila kejeli na bila kumtetea.

Nukuu ziogopeni. Ile sentensi kwamba polisi wa Chicago walimwona Lucy ni hatari kuliko wafanya ghasia elfu moja imejaa kwenye fulana na mabango, ila ni nadra kuikuta na chanzo chake. Msiiweke jaladani. Maneno ya Spies kabla ya kitanzi ni afadhali zaidi: kwamba itafika siku ukimya wetu utakuwa na nguvu kuliko sauti mnazozinyonga leo. Yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya Waldheim, uliosimamishwa mwaka 1893. Hata hayo kwa Kiingereza yapo kwa namna zaidi ya moja, basi andikeni ni tafsiri yenu. Mwenendo wote wa kesi, pamoja na picha za vipeperushi, umewekwa mtandaoni na makumbusho ya historia ya Chicago. Siku mbili za kusoma pale zitawamalizia mabishano mengi.

Kuhusu lugha ya kuandikia, msijipe adhabu ya Kiswahili cha hotuba ya mgeni rasmi. Émile Pouget alipoanzisha Le Père Peinard Paris mwaka 1889 aliandika kama fundi viatu anayeongea na wateja wake, kwa lugha ya vichochoroni, matusi yakiwamo, na wafanyakazi wakalisoma. Matusi nawashauri muyaache. Fundi viatu mchukueni.

Mkitaka ukurasa wa kuunganisha na nyumbani, upo wa kweli: mgomo wa 1947 ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam na kusambaa kufuata reli. Au Makhan Singh wa Nairobi, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha baba yake na kuongoza chama cha wafanyakazi kuanzia 1935. Ila msiwavishe joho lisilo lao. Makuli hawakuwa wanarkisti, na Makhan Singh alikuwa mkomunisti.

Turudi kwenye karatasi. Nakala 200 kwa karatasi nne ni karatasi 800. Nunueni rimu mbili, yaani 1,000. Hizo 200 za ziada zitaliwa na majaribio na zitakazokwama. Pande za kuchapa ni 1,600, na bei ya fotokopi huhesabiwa kwa upande, basi kabla hamjatoa hata shilingi ulizeni mwenye riso. Ni ile mashine ya kuchapia mitihani shuleni. Steshenari nyingi kubwa wanayo. Riso hutoboa masta moja (karatasi ya stensili) kwa kila upande, nyinyi mtahitaji nane, na masta ndiyo ghali. Baada ya hapo kila nakala ni wino tu. Kwa nakala 20 riso ni hasara. Kwa 200 karibu kila mara inashinda fotokopi, na weusi wake ni mzuri zaidi kwa michoro.

Ina tabia zake. Wino wake haukauki kwa joto, hufyonzwa na karatasi, kwa hiyo karatasi ya kung'aa haifai kabisa: itapakaza vidole hata baada ya wiki. Tumieni ya kawaida ya gramu 80. Chapeni upande wa kwanza, ziacheni zilale usiku mzima, upande wa pili kesho yake. Mkikimbilia, mpira unaovuta karatasi utaacha alama za magurudumu katikati ya uso wa Lucy. Epukeni eneo kubwa jeusi, hasa juu ya ukurasa, maana karatasi hunata kwenye ngoma, yaani silinda ya mashine. Halafu kuna unyevu wa pwani. Rimu iliyofunguliwa jana na kuachwa wazi inavuta maji, inajikunja, na mashine inavuta mbili mbili. Fungueni rimu pale pale mashineni, mzipepete karatasi kabla hazijaingia, na zilizokwisha chapwa upande mmoja mzigandamize kwa kitu kizito.

Jalada la manila linapendeza, ila linajikunja kwa ukaidi na tona hupasuka kwenye mkunjo. Pitisheni kwanza kalamu ya Bic iliyokwisha wino kwa kufuata rula, ndipo mkunje, na msiweke rangi nyeusi juu ya mkunjo. Kama pesa inabana, karatasi ile ile ya gramu 80 inatosha kuwa jalada.

Stepla haikufika kwa sababu mkono wake ni mfupi. Kutoka ukingo wa A4 hadi katikati ni milimita 148. Ipo ya mkono mrefu, na steshenari wenye kufunga vitabu huwa nayo. Omba kuitumia kwa saa moja. Isipokuwapo, fungueni stepla ya kawaida iwe kama fimbo, lazeni kijarida kifudifudi juu ya boksi nene au ndara, gongeni pini mbili, moja sentimita 5 kutoka juu na nyingine 5 kutoka chini, kisha geuzeni mlaze miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Pini ziingie kutoka nje ya mgongo, miguu ibaki ndani, la sivyo zitachana mifuko ya watu. Uzi nao ni mzuri na haupati kutu: toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, kateni uzi wa sentimita 55, ingieni tundu la kati kutoka ndani, rudini ndani kwa la juu, telemkeni kwa ndani mpaka la chini mtoke nje, rudini ndani kwa la kati, fungeni fundo juu ya uzi mrefu. Watu watano, nakala 200, ni jioni mbili. Karatasi za ndani zitachungulia nje kidogo kuliko jalada, milimita moja haifiki kwa karatasi nne. Hakuna haja ya kukata.

Kama haya yote yanawazidi, lipo umbo jingine: A4 moja, upande mmoja, ikakunjwa mara tatu kupata vyumba vinane, ikachanwa katikati kwenye vyumba viwili vya kati na kusukumwa ikawa kijitabu cha kurasa nane. Safu ya chini, kushoto kwenda kulia, ni 6, 7, 8, 1. Safu ya juu, iliyopinduliwa, ni 5, 4, 3, 2. Hakuna pini, hakuna pande mbili. Kisa cha kipeperushi peke yake kinaenea humo, na kwa pesa yenu mngetoa nakala nyingi zaidi. Kwa kugawa barabarani ningelianza na hilo, kurasa 16 zikawa za Novemba 11.

Kibali ni swali la ana kwa ana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chombo cha habari cha kuchapwa kiwe na leseni. Kijitabu cha historia kinachotoka mara moja ni jambo moja. Mkiandika "Toleo la 1" jaladani mmeshatangaza kwamba la 2 linakuja, na mnaweza kuhesabiwa kama gazeti. Mstari unapita wapi hasa, mwacheni wakili awaambie akiwa ameshika nakala yenu mkononi; vituo vya msaada wa kisheria hapo jijini husikiliza bila malipo au kwa kidogo. Mwonyesheni hasa sehemu yoyote inayomtaja mtu aliye hai, mwajiri au ofisi ya hapa, maana Spies na Lucy hawatawashtaki, hao wengine wanaweza. Kama mtagawia kwenye uwanja wa maadhimisho, waulizeni waandaaji kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Na wakili mpelekeeni nakala ya majaribio kabla ya masta wa kwanza kutobolewa, ili akiwaambia futeni mstari, uwe bado wa kufutika.